Daftari la kobe lililonitetea Doha

Wazee wetu wa Pwani husema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipotoka Rabai mwaka 2018 kwenda Qatar sikuwa na mali ya kuandikwa popote: begi moja, mkataba wa kazi za nyumbani, na watoto wawili niliowaacha kwa mama yangu. Ila katika nyumba niliyopelekwa kulikuwa na kobe, na kazi ya kujua yuko wapi ikaangukia kwangu. Kwa kuandika kila siku mahali alipoonekana, nikajifunza kuandika na habari zangu mwenyewe. Daftari hilo lilinitoa kwenye tuhuma ya wizi, kisha likanirudishia mshahara wangu. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya dada zangu walio njiani kwenda Uarabuni, na kwa wale ambao tayari wako ndani ya nyumba za watu na hawana wa kuwasemea.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Al Gharrafa, jumba la ghorofa mbili lililozungushiwa ukuta mrefu kama yalivyo majumba mengi ya Doha. Ua wake ulikuwa na sehemu mbili. Mbele kuliwekwa vigae, na hapo ndipo magari yalipoegeshwa, na kando kuna majilisi, chumba cha wanaume kupokelea wageni, chenye mlango wake na kigeti chake. Nyuma kulibaki mchanga, nyasi kidogo, mitende mitatu na mkunazi mkubwa. Niliuona mkunazi ule siku ya kwanza nikafurahi, kwa maana kwetu pia makunazi tumeyala tangu utotoni.

Mwenye kobe alikuwa Bibi, mama mzazi wa bosi. Marehemu mumewe ndiye aliyemnunua pale Souq Waqif, upande wanakouzwa ndege, sungura na wanyama wengine wadogo. Wakati huo kobe alikuwa hajai kiganja. Nilipofika mimi, gamba lake lilikuwa limefika kama shubiri moja na nusu. Walimwita Sultani. Bibi alikuwa na maradhi ya magoti, hawezi tena kuzunguka ua, basi alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni na kila baada ya muda aliita: “Ya binti, wen Sultan?” Sultani yuko wapi? Swali hilo lilikuja asubuhi, likaja adhuhuri, likaja baada ya Magharibi. Nilijua halikuwa swali la kobe peke yake. Katika nyumba ile, yule mnyama ndiye aliyekuwa amebaki kutoka kwa mumewe.

Mtu asiyefuga kobe atadhani ni mnyama rahisi kuchungwa, kwa kuwa haendi mbio. Sultani alikuwa wa jamii ya kobe wakubwa wanaotoka ukanda wa Sahel, kusini mwa jangwa la Sahara, kuanzia Senegal hadi Sudan na Ethiopia. Ukiondoa kobe wa visiwa vya Galápagos na wa Aldabra, hakuna kobe wa nchi kavu anayewazidi hao kwa ukubwa. Dume akikomaa anaweza kupita kilo 50. Nao ni wachimbaji hodari. Huko kwao huchimba mashimo marefu ardhini wakajificha jua, kwa sababu chini mchanga haupati moto sana na unyevu hubaki. Kwa hiyo hata akiwa mdogo, Sultani alikuwa na nguvu za kusukuma chungu cha maua, na akili za kutafuta upenyo. Akisimama kimya chini ya majani makavu, unaweza kupita hatua mbili kutoka kwake usimwone.

Hatari zake nilizijua mapema. Ya kwanza ilikuwa magari: dreva akirudi nyuma, kobe aliye nyuma ya gurudumu haonekani kwenye kioo chochote. Ya pili ilikuwa geti, hasa siku za wageni wa majilisi na siku za lori la maji. Ya tatu ilikuwa jua lenyewe. Kuanzia Juni joto la Doha huvuka nyuzi 40 siku baada ya siku, na serikali inakataza kazi za nje kwa wafanyakazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu 1 Juni hadi 15 Septemba. Vigae vya mbele wakati huo havikanyagiki kwa mguu mtupu. Kobe akipinduka chali pale saa saba mchana, hana muda mrefu.

Mwanzoni nilimtafuta kwa miguu. Bibi akiita, nazunguka nyumba nzima, nainama chini ya kila gari, nachungulia nyuma ya kila chungu, huku sufuria ikiungua jikoni. Kazi za nyumba zilikuwa nyingi na siku ilianza kabla ya alfajiri. Ndipo nikanunua daftari la shule kwenye baqala ya pembeni, duka letu la mtaani, nikaanza kuandika. Kila nilipomwona Sultani niliandika saa, mahali, na alichokuwa akifanya. Maneno mawili matatu tu: “Saa moja asubuhi, ukuta wa mashariki, anaota jua.” “Saa tano, chini ya kiyoyozi cha chumba cha watoto.” “Saa kumi na moja, mkunazini, anakula.”

Baada ya wiki chache daftari lilianza kunijibu. Niligundua kwamba Sultani hatembei ovyo. Anafuata jua na kivuli kwa ratiba yake. Asubuhi alikwenda ukuta wa mashariki kupasha mwili moto. Jua likipanda, alihamia nyuma ya nyumba ambako mashine za viyoyozi hudondosha maji, tone kwa tone, na mchanga wa pale haukauki hata Julai. Alilala pale shingo ameinyoosha kwenye unyevu. Alasiri alitoka kwenda kula nyasi na makunazi yaliyoanguka, na jua likizama alitafuta kona ya kulala. Tangu hapo Bibi akiita, nilitazama saa, nikaenda moja kwa moja, na mara nyingi nilimkuta. Bibi aliliona daftari likiwa mfukoni mwa dera langu, akaniomba niwe namsomea jioni. Nilimfasiria kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, naye akasikiliza kama anayesomewa barua ya mwanawe aliye safarini.

Njia ya pili niliitoa nyumbani. Kila jioni baada ya kufagia, nilitandaza mchanga laini mbele ya geti kubwa na mbele ya kigeti cha majilisi, nikausawazisha kwa ufagio. Asubuhi niliusoma. Paka hupita kwa nyayo ndogo za duara. Kobe huacha safu mbili za alama, kulia na kushoto, na katikati mchanga umelainishwa pale tumbo lilipoburuta. Ukiona alama zimekuja getini zikarudi, mshukuru Mungu. Ukiziona zimekwenda hazikurudi, hapo toka nje ukatafute kabla jua halijapanda.

Watu wa nyumba ile nao walileta njia zao. Mjukuu mkubwa alinunua kijitufe cha Bluetooth, akakibandika kwa gundi nyuma ya gamba, akaniwekea programu kwenye simu. Kilisaidia Sultani alipokuwa juu ya ardhi na karibu. Akiingia mchangani, simu haikusikia chochote, kwa sababu mawimbi yale hayapenyi udongo vizuri. Daktari wa wanyama alipokuja alimtia chipu ndogo chini ya ngozi ya mguu wa nyuma wa kushoto, akatueleza kwamba hiyo haionyeshi mnyama alipo. Kazi yake ni kuthibitisha ni wa nani pale anapookotwa na kusomwa kwa mashine. Akakataza pia kumpaka rangi gamba lote, kwa kuwa gamba lina uhai na linaendelea kukua kwenye kingo za kila kigae chake. Akashauri tuzibe chini ya uzio wa waya kwa matofali. Kobe akiona upande wa pili, alisema, atasukuma hadi apite; asipoona kitu, hugeuka.

Hayo yote yalikuwa mazuri. Lakini kila kifaa kilikuwa na mwisho wake, na daftari pekee ndilo lililojua tabia ya mnyama.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi wa Machi Qatar ilifunga mipaka kwa wageni, nyumba za ibada zikafungwa, na Kenya nayo ikasimamisha safari za ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 mwezi huohuo. Kwa sisi Wakristo wa Doha, Ijumaa ndiyo siku ya kukusanyika, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko, na mahali petu ni kule Mesaimeer kwenye makanisa yaliyojengwa pamoja. Pale ndipo nilipokuwa nikisikia Kiswahili, nikaimba, nikala chapati za dada zangu, nikapata nguvu ya wiki nyingine. Mlango ule ulipofungwa nilibaki na kuta za nyumba.

Katika miezi hiyo mama yangu aliugua Rabai. Presha ilipanda, akalazwa, akatolewa, akalazwa tena. Kaunti ya Kilifi ilikuwa imefungwa, hakuna kuingia wala kutoka tangu 8 Aprili, hivyo hata dada yangu aliyekuwa Nairobi hakuweza kumfikia. Mama alifariki kabla barabara hazijafunguliwa. Serikali ilikuwa imeweka sheria ya watu 15 tu mazikoni. Kaka yangu alishika simu juu ya kaburi, mimi nikatazama kupitia WhatsApp nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma, picha ikikwama na kurudi, nikasikia udongo kabla sijauona.

Sikuweza kulia ndani ya nyumba ya watu. Nilikuwa na watoto wa kulisha, vyombo, nguo za kupiga pasi. Nililia uani. Bibi alinifuata kwa mkongojo wake, mwanamke asiyeweza kutembea hatua kumi, akafika hadi chini ya mkunazi, akakaa nami. Alimwombea mama yangu rehema kwa Kiarabu, kisha akanyamaza muda mrefu. Mwishowe akaniuliza swali lake lilelile: “Wen Sultan?” Nikamwelewa. Alikuwa akinipa kitu cha kufanya. Nikainuka nikamtafuta, nikamwona chini ya kiyoyozi, nikaandika saa. Siku zilizofuata hiyo ndiyo iliyoniamsha kitandani: kulikuwa na kiumbe kimoja kinachotakiwa kujulikana kilipo kabla jua halijawa kali.

Siku hizohizo mshahara ulianza kusuasua. Biashara ya bosi ilikuwa imesimama, na mwezi mmoja nilipata nusu, mwezi mwingine sikupata kitu, wa tatu nikapata na ahadi juu yake. Nilikuwa natuma pesa kwa M-Pesa kwa ajili ya deni la hospitali na chakula cha watoto wangu, ambao sasa walikuwa kwa kaka. Kichwani hesabu zilichanganyika. Usiku mmoja niligeuza daftari la Sultani, nikaanza kuandika kutoka nyuma. Mbele nikaacha habari za kobe. Nyuma nikaandika zangu: tarehe, saa niliyoamka, saa niliyolala, kama nilipumzika Ijumaa au la, kiasi nilicholipwa, kiasi kilichobaki, na nani alinikabidhi. Nikafanya vilevile kama nilivyofanya kwa kobe: maneno machache, kila siku, bila kuongeza chumvi.

Naomba msomaji ajue kwa nini jambo hilo lina uzito. Qatar ilianzisha mfumo wa kulinda mishahara mwaka 2015, ambapo mshahara hupitia benki na serikali huona kama umelipwa, lakini sisi wa majumbani hatukuwekwa ndani yake. Ukilipwa taslimu jikoni, hakuna alama inayobaki. Sheria namba 15 ya 2017, iliyotungwa kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani, inasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, kuwe na siku nzima ya mapumziko kila wiki, likizo ya wiki tatu kwa mwaka, na mshahara ulipwe si zaidi ya tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Hiyo ndiyo karatasi. Oktoba 2020 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 105 waliofanya kazi majumbani Qatar. 90 kati yao walisema walizoea kufanya kazi zaidi ya saa 14 kwa siku, na 87 walisema pasipoti zao zilichukuliwa, ingawa sheria namba 21 ya 2015 inakataza hilo. Kati ya karatasi na jikoni pana umbali, na anayeuvuka bila kumbukumbu huvuka mikono mitupu.

Machi 2021 kima cha chini cha mshahara kilianza kutumika, riyali 1,000 kwa mwezi, na kiliwahusu pia wafanyakazi wa nyumbani. Mkataba wangu wa zamani ulisema 900. Nilisikia habari hizo kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wa Doha, nikaziandika nyuma ya daftari, nikasubiri wakati wake.

Wakati huo ulikuja kwa njia nisiyoitamani. Juni 2021, katikati ya joto, Sultani alitoweka.

Siku hiyo walikuja mafundi kusafisha tangi la maji, geti likakaa wazi asubuhi nzima. Jioni Bibi aliita, nikaenda kila mahali palipoandikwa, sikumwona. Kesho yake pia. Kijitufe cha Bluetooth kilikuwa kimya. Mchanga wa getini ulikuwa umekanyagwa na viatu vya mafundi, hausomeki. Bibi aliacha kula. Hapo ndipo maneno yakaanza ndani ya nyumba kwamba kobe mkubwa ana bei, kwamba Souq Waqif si mbali, na kwamba wanaojua saa na mahali pake ni wawili tu: mimi na dreva, baba wa makamo kutoka Kerala ambaye alikuwa akinisaidia kumtazama kabla ya kutoa gari.

Kobe kuibwa si jambo geni. Dada mmoja wa Unguja, tuliyekuwa tukikutana naye siku za mapumziko, aliwahi kunisimulia habari za kisiwa cha Changuu, ambako kobe wakubwa waliletwa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919, wakazaana, kisha wezi wakawapunguza hadi katika miaka ya 1990 wakabaki wachache sana, ikabidi wajengewe ua wa kulindwa. Kwa hiyo shaka ya wenye nyumba nilielewa ilikotoka. Kuielewa hakukupunguza uchungu wake. Simu yangu ilichukuliwa “mpaka ukweli ujulikane”. Chumba changu kikapekuliwa mbele yangu: godoro likainuliwa, begi likamwagwa sakafuni, kanga ya mama yangu ikafunuliwa na kukung’utwa kama mtu anayetafuta kitu kilichofungwa pembeni. Hakukuwa na kitu. Dreva naye alipekuliwa. Mzee yule alitoka chumbani kwake macho mekundu, hakusema neno.

Niliogopa. Nilijua wanawake waliorudishwa makwao kwa tuhuma ambazo hazikuwahi kuthibitishwa, bila mshahara wa mwisho. Usiku ule niliomba, nikasema, Bwana, wewe unajua kilipo kila kiumbe chako, nionyeshe huyu mmoja. Kisha nikafungua daftari, nikasoma kurasa za mwezi mzima polepole, mstari kwa mstari.

Na pale palikuwa na jambo. Tangu katikati ya Mei, Sultani alikuwa anaacha ukuta wa mashariki mapema zaidi kila wiki. Zamani aliondoka saa tatu. Sasa saa moja na nusu hayupo. Saa za alasiri, ambazo alikuwa akionekana mkunazini, zilikuwa zimeanza kuwa tupu. Na mara nyingi pale nilipomwona jioni, nilikuwa nimeandika maneno yaleyale kwa mkono wangu: “Anatoka nyuma ya tangi. Mchanga mgongoni.” Mchanga mgongoni. Kobe anayetembea juu ya ardhi hapati mchanga mgongoni.

Alfajiri nilikwenda kwa Bibi na daftari mkononi, kabla wengine hawajaamka. Nikamsomea tarehe moja baada ya nyingine. Alinisikiliza, akamwita mjukuu wake, tukaenda wote nyuma ya tangi, yeye akiwa ameshikwa mkono. Tulikuwa tumekwisha kupatazama pale. Lakini mtunza bustani alikuwa amekata majani ya mitende akayarundika ukutani, na chini ya rundo lile, tulipoliondoa, mchanga ulikuwa laini kuliko wa pembeni. Nilipiga magoti nikachimba kwa mikono. Mchanga wa juu ulikuwa umeporomoka ukaziba mdomo wa shimo. Mkono wangu ukaingia hadi kwenye kiwiko, kisha hadi begani, na humo ndani palikuwa pa baridi. Mjukuu akamulika kwa simu. Shimo lilikwenda kwa mteremko chini ya zege la tangi, na mwisho wake, mbali kidogo na ncha za vidole vyangu, ilionekana miguu miwili ya nyuma yenye magamba mazito, na kile kijitufe cheusi kikiwa kimejaa vumbi.

Mjukuu alitaka tumvute. Bibi akakataa. Alisema amekimbia jua kama baba zake, atatoka mwenyewe. Tukamfungulia njia, tukaacha. Bibi alihamishia kiti chake pale pale, na baada ya Magharibi Sultani alitoka akirudi kinyumenyume, mchanga ukimwagika kutoka kwenye mifereji ya gamba, akaelekea moja kwa moja kwenye nyasi zilizokuwa zimemwagiwa maji. Bibi alilia waziwazi. Akanishika mkono akasema, “Samhini, ya binti.” Nisamehe, mwanangu. Alisema mbele ya nyumba nzima, akamwambia na dreva vilevile. Simu yangu ilirudishwa usiku huo.

Siku chache baadaye nilimwambia Bibi kwamba daftari lina upande wa pili. Akaniambia nisome. Nikasoma: mwezi huu nusu, mwezi huu hakuna, mwezi huu Ijumaa zote kazini, tangu Machi riyali 900 badala ya 1,000. Hakunikatiza. Nilipomaliza alimwita mwanawe, akamwambia kwamba mkono ulioandika habari za Sultani kwa ukweli ndio huu huu ulioandika haya. Bosi alikaa nami mezani na kikokotoo. Naomba nimtendee haki: hakubisha. Mwenyewe hakuwa na kumbukumbu yoyote ya miezi ile, amechanganyikiwa na madeni yake, na kila nilipotaja tarehe na kiasi alikumbuka. Nililipwa malimbikizo yote kwa awamu mbili, mshahara ukapandishwa, na Ijumaa ikawa yangu. Makanisa yalipofunguliwa nilisimama Mesaimeer mbele ya ndugu zangu nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Baadaye nilihamia kwa mwajiri mwingine. Kabla ya sheria za 2020 ningehitaji barua ya idhini ya mwajiri wa kwanza. Sasa haihitajiki tena, ingawa niliondoka kwa amani na Bibi alinibariki. Kwa akiba niliyoweka nimemaliza deni la hospitali na kujengea kaburi la mama. Watoto wangu wanasoma. Mtu mwingine sasa anamwandikia Sultani. Nilimfundisha mwenyewe wiki za mwisho, ni binti kutoka Uganda, na daftari lake ni la tatu.

Dada yangu unayesoma haya ukiwa na tikiti mkononi, nunua daftari kabla hujapanda ndege. Piga picha kila ukurasa wa mkataba, uitume kwa mtu unayemwamini nyumbani. Andika siku uliyoanza kazi, saa za kuamka na kulala, kila riyali uliyopewa na tarehe yake, kila siku ya mapumziko uliyopata na uliyonyimwa. Andika kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yako, usingoje mambo yaharibike ndipo uanze, na usiongeze hata neno moja lisilotokea. Mambo yakizidi, ipo Wizara ya Kazi ya Qatar, zipo kamati za kusuluhisha migogoro ya kazi ambazo zimekuwepo tangu 2018, na upo ubalozi. Wote hao watakuuliza swali moja: lini, na kiasi gani? Uwe na jibu.

Na kama nyumbani kwako au kwa bosi wako kuna mnyama anayerandaranda uani, mjue kwa saa zake na vivuli vyake, maana vifaa vitakwambia kidogo tu. Aliyenitunza mimi katika miaka ile awatunze na ninyi. Amina.